Mashine Iliyoshika Sabato

Katika umri wangu wote nimejaribu kumwongoa kiumbe mmoja tu, na kiumbe huyo hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya hesabu, yenye ukubwa wa sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, iliyowekwa juu ya meza katika ofisi ya upimaji ardhi mjini Kisii, katikati ya miaka ya sabini. Niliifundisha kushika Sabato. Ningependa kusema kwamba nilisukumwa na ucha Mungu, lakini ukweli ni kwamba kumbukumbu yake ilikuwa imebaki na nafasi ya hatua sitini za maagizo, nami sijawahi kuona nafasi tupu nikaweza kuiacha kwa amani.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni kubwa ya kigeni iliyotengeneza mashine za namna hiyo na kuziuza duniani kote. Kazi yangu, katika ofisi yake ya Nairobi, ilikuwa kuandika programu, yaani maagizo ambayo mashine huyatekeleza moja baada ya jingine bila kuuliza sababu. Nilipomweleza mjomba wangu kazi hiyo, aliniuliza kama mashine yenyewe haina akili ya kujua la kufanya. Nikakiri kwamba haina hata chembe.

"Kumbe umeajiriwa kuchunga," akasema. "Na ulisoma miaka yote ile?"

Nilikuwa nimesoma Kilatini kwa miaka sita na jiometria kwa muda mrefu zaidi, na katika vyote viwili sikuwahi kukutana na tafsiri iliyo fupi na sahihi kuliko hiyo.

Mashine kubwa za kampuni yetu zilijaza vyumba vizima na kuhitaji ubaridi kama maziwa. Hii ya mezani ilikuwa jambo jipya. Ilikuwa na kibodi, kioo chembamba kilichoonyesha mstari mmoja wa herufi nyekundu, printa ndogo ya kutoa ukanda wa karatasi, na tundu la kaseti ambamo programu ilihifadhiwa. Kumbukumbu yake ilimeza hatua elfu mbili, wala haikuongeza hata moja. Aliyezoea kuandika shairi la Kilatini, ambamo silabi ikizidi ubeti mzima unaanguka, hakuona taabu kubwa. Wenzangu walinung'unika, mimi nilibana, nikakata, nikabaki na hatua sitini, nikaona fahari.

Sasa sharti nirudi nyuma kidogo, hadi miaka ya sitini na kwenye shamba letu la maua ya pareto upande wa Nyamira, kwa kuwa utundu huu haukuzaliwa Nairobi.

Mama alikuwa Msabato asiyetikisika. Kwake Ijumaa ilikuwa siku ya mbio: maji yachotwe, kuni zipasuliwe, viatu vipigwe rangi, chakula cha kesho kiive, yote kabla jua halijatua. Hakuwa na saa. Alikuwa na kilima. Jua lilipopotea nyuma ya kilima kilichokuwa magharibi ya boma letu, Sabato ilikuwa imeingia, na jembe lililokuwa hewani lilipaswa kushuka taratibu. Jirani yetu, mzee wa kanisa lilelile, alikuwa na saa ya mkono na kalenda ya machweo iliyochapishwa, na kila Ijumaa alizidi kupalilia kwa dakika kadhaa huku mama akimtazama kwa huruma kama mtu anayezama.

Mimi niligundua mapema kwamba jua halitui mahali pote kwa wakati mmoja. Shamba letu liliteremka hadi mtoni, na kule chini kilima kilisimama juu zaidi kuliko kilivyoonekana uani, hivyo jua lilijificha mapema. Basi kila Ijumaa niliomba, kwa unyenyekevu uliomshangaza mama, kuchuma pareto ya safu za mwisho kabisa, kando ya mto. Saa ilipofika nilipaza sauti: "Mama, esabato imefika!" Naye, akiwa bado anamulikwa na jua usoni, hakuweza kunikanusha bila kushuka mteremko wote ule. Nilikuwa mtoto mshika dini kuliko wote kijijini, hasa mwezi wa kuchuma.

Kwa hiyo nilipotumwa Kisii na mashine yangu, nilikuwa narudi kwenye tatizo la zamani.

Ofisi ile ya upimaji ilikuwa na kazi ya kuchosha. Wapimaji walirudi kutoka vilimani na karatasi za kila shamba: kutoka bikoni moja, yaani alama ya mpaka, hadi nyingine, mwelekeo na umbali. Makarani wawili walikokotoa kwa mkono, wakatafuta kama mstari wa mwisho unarudi pale wa kwanza ulipoanzia, kisha wakapata ukubwa wa shamba. Mashine yangu ingefanya kwa dakika mbili kile ambacho karani alikifanya kwa asubuhi nzima. Makubaliano yalikuwa haya: kwa juma moja ofisi ingepitisha mashamba yote ya mlima mmoja, na kazi ingeisha Ijumaa, siku hiyohiyo, bila shamba hata moja kubaki. Ikiisha, na majibu yakilingana na ya makarani, mashine ingepokelewa. Isipoisha, ingerudi Nairobi nyuma ya gari.

Nami ningerudi nayo. Nilikuwa bado katika miezi ya majaribio, mwandishi wa programu wa kwanza aliyezaliwa vilima hivi, na msimamizi wangu, Mwingereza mrefu mwenye adabu, alikuwa ameniambia bila kuficha: mashine ikipokelewa Kisii, kiti changu ni changu, ikikataliwa, shule za sekondari zina uhaba wa walimu wa Kilatini. Alilisema hilo kwa upole. Wakati ule uhaba huo ulikuwa umekwisha kwa sababu hakuna aliyetaka tena kukisoma, nami nilijua kwamba alijua.

Mkuu wa ofisi alikuwa mpimaji kutoka upande wa ziwa, mtu mnene mcheshi, aliyekandamiza karatasi zake kwa kiboko aliyechongwa kwa jiwe la Tabaka, hukohuko Kisii, na kudai kwamba huyo ndiye Mkisii pekee asiyembishia. Mwendeshaji wa mashine alikuwa dada mmoja aliyepanga chumba huko Kiogoro, mpiga taipu hodari, Msabato kama mama yangu na mgumu kama yeye. Nilimfundisha kazi kwa siku nne, naye akawa ananiita mwalimu. Siku ya tatu aliacha kibodi, akafunga mikono.

"Mwalimu, na Ijumaa?"

"Ijumaa imefanya nini?"

"Huyu mzee wetu kila Ijumaa jioni ana karatasi moja ya mwisho. Karani akichoka, anamwachilia. Hii yako haichoki. Akiona mashine haina Sabato, atasema na mimi sina."

Mkuu wa ofisi alimsikia kutoka chumba cha pili. "Dada, hata ng'ombe amewekewa pumziko katika amri zile. Mashine haikutajwa. Nimesoma!"

"Soma tena, mzee. Imeandikwa 'wala mnyama wako wa kufugwa.' Hii si umeiweka ndani na kuilisha umeme?"

Walicheka wote wawili, lakini nilimwona dada yule akirudi kwenye kibodi bila furaha. Nilirudi Nairobi kumalizia programu, na hatua zangu sitini zikapata kazi.

Kila karatasi iliyotoka ilipaswa kubeba tarehe na saa, ambazo mwendeshaji aliziandika mwanzoni akitazama saa ya ukutani. Mimi niliongeza hesabu ndogo: kutokana na tarehe, tafuta saa ya jua kutua; kama ni Ijumaa na saa iliyoandikwa imepita machweo, usiendelee. Chapisha maneno haya: JUA LIMETUA. FUNGA KAZI. Kisha nyamaza hadi Jumamosi jioni. Sikumwambia msimamizi. Nilijiambia kwamba ni mapambo, kama yale maua ambayo wanakili wa zamani waliyachora pembeni mwa vitabu vya sheria. Sikumwambia hata dada yule. Nilitaka siku moja mkuu wa ofisi aje na karatasi yake ya mwisho, akataliwe na mashine mbele ya watu, na mimi niletewe habari nikiwa mbali.

Lakini mtu humtegea mwenzake mtego, akausahau, akaja kupita njia ileile.

Juma la majaribio lilikuwa la Aprili, mvua ikinyesha kila alasiri kama inayoandikiwa ratiba. Hadi Alhamisi tulikuwa mbele ya kazi. Ijumaa msimamizi wangu alifika kutoka Nairobi, suti yake ikiwa na matope hadi magotini, kuja kushuhudia. Karatasi za mwisho zilikuwa bado njiani: gari la wapimaji lilikuwa limekwama kwenye utelezi karibu na Masimba. Zilipofika saa kumi, mvua nayo ilifika, na umeme ukaondoka. Mashine ya aina ile ilikuwa na tabia ya baadhi ya wanafunzi niliosoma nao: ukizima taa, ilisahau kila kitu. Umeme uliporudi tulipakia programu upya kutoka kwenye kaseti, zikiwa zimebaki karatasi kumi na moja.

Dada yule aliandika kama mvua ya mawe. Msimamizi alisimama nyuma yake akihesabu. Kumi. Saba. Nne. Mbingu zilikuwa zimesafika, na kupitia pengo lililo kati ya vilima viwili, upande wa magharibi wa ofisi, jua liliingia dirishani na kuupaka ukuta rangi ya chungwa. Mbili. Moja.

Shamba la mwisho lilikuwa na bikoni kumi na nne, shamba la ndugu waliokuwa wakigombana tangu babu yao alipofariki. Dada aliandika tarehe, akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaandika: saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Printa ilitoa sauti, ikasukuma ukanda nje, ikanyamaza.

Dada alisoma. Akasoma tena. Kisha akageuza kichwa polepole akanitazama mimi, si mashine.

"Mwalimu," akasema, "nani ameifundisha hii?"

Mkuu wa ofisi aliuchana ukanda akausoma kwa sauti: "Jua limetua. Funga kazi." Akatazama ukuta uliokuwa bado unawaka, akatazama dirisha, akacheka hadi akamshika kiboko wake ili asianguke. "Omera, ndugu yangu! Ninyi Wakisii! Yaani mmeibatiza?"

Msimamizi wangu alikijua Kiswahili cha kutosha kuagiza chai. Aliuliza, kwa Kiingereza, ni jua lipi linalozungumziwa.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na naomba nilieleze kwa ukamilifu kwa kuwa ni kosa la mtu msomi. Nilikuwa nimeiandika hesabu ile Nairobi, nikaijaribu Nairobi, dirishani, jioni tatu mfululizo, nikaridhika. Nilikuwa nimeweka longitudo ya Nairobi. Kisii iko magharibi zaidi kwa digrii mbili, na jua huchukua dakika nane kuuvuka umbali huo. Mashine ilikuwa ikifuata machweo ya Nairobi. Sisi tulikuwa tumebakiwa na dakika saba za Ijumaa halali, na kiti changu kilikuwa ndani ya dakika hizo.

Msimamizi, aliyekuwa ameanza kuelewa kwamba mashine inaikataa saa, alitoa ushauri wa busara: iandikwe saa kumi na mbili na nusu, mambo yaishe. Nilimtafsiria dada.

"Siwezi," akasema. "Si saa kumi na mbili na nusu."

"Ni mashine tu," nikasema, na nikajionea aibu kabla sijamaliza.

"Mashine ndiyo, lakini mkono ni wangu. Nidanganye jioni ya Ijumaa, tena kwa karatasi ya watu?"

Mkuu wa ofisi aliacha kucheka. "Hapo yuko sawa. Hawa ndugu wameshtakiana kwa ajili ya mgomba mmoja. Wakili akisikia karatasi ina saa ya uongo, tutakufa tukiwa mahakamani."

Njia iliyobaki ilikuwa kurekebisha namba moja ndani ya programu. Lakini ili kuifikia ilinibidi kuifungua mbele ya msimamizi na kuonyesha zile hatua sitini, ambazo hakuziagiza, hakuzijua, na ambazo mteja hakuzilipia. Nilimwambia kila kitu kwa sentensi tatu. Uso wake haukubadilika. Waingereza wa namna yake hukasirika ndani kwa ndani, kama viazi vinavyoiva chini ya majivu. Alitazama saa.

"Una dakika tano," akasema.

Nilipita hatua moja moja kwenye kile kioo chembamba, mstari baada ya mstari, hadi nikaifikia thelathini na sita nukta nane, nikaifuta, nikaandika thelathini na nne nukta nane. Nikainuka kumpisha dada. Hakuketi.

"Ngoja," akasema, akatoka nje hadi barazani.

"Unakwenda wapi?" mkuu wa ofisi alipiga kelele.

"Kuliona! Ilidanganya mara ya kwanza, kwa nini niiamini ya pili?"

Tulimfuata sote watatu, makarani wakiwa nyuma. Jua lilikuwa limekalia pengo lile la vilima, jekundu, limebanwa kushoto na kulia.

"Kwetu ziwani," mkuu wa ofisi akasema, "jua linazama majini mbele ya watu wote, hakuna ubishi. Huku kila mtu ana la kwake nyuma ya mgomba wake."

"Lipo," dada akakata shauri. Akakimbia ndani.

Aliandika saa: kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Kioo kilimeta, mashine ikatafakari, ikauliza bikoni ya kwanza. Sijawahi kusikia kibodi ikipigwa vile. Mkuu wa ofisi alimsomea namba kutoka kwenye karatasi, na karani mmoja alibaki barazani akitangaza hali ya jua kama mtangazaji wa mpira: "Nusu! Bado nusu! Limebaki kama ukucha!" Bikoni ya kumi na nne iliingia. Printa ikakohoa. Mstari ulirudi ulipoanzia, na ukubwa wa shamba ulilingana na wa makarani.

"Limeingia!" akapiga kelele yule wa barazani.

Dada alikuwa tayari ameizima mashine na kuifunika kitambaa. Msimamizi aliomba nakala ya pili ya karatasi ile, kwa ajili ya faili lake. Dada alimwangalia kwa heshima kubwa, akachukua mkoba wake, akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba atampatia Jumatatu.

Fomu ya kupokea mashine ilikuwa na nafasi ya kuandika kasoro. Mkuu wa ofisi aliishika kalamu muda mrefu, akinitazama kwa jicho la mtu aliyeshika maisha ya kuku. Kisha akaandika: "Hakuna. Isipokuwa ni ya kanisa ambalo si langu." Akatia sahihi.

Barua ya msimamizi ilinifikia juma lililofuata. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilinithibitisha kazini. Ya pili iliniagiza kuondoa machweo ndani ya programu kabla ya mwisho wa mwezi, na nisirudie kuandika jambo ambalo mteja hakuomba. Nilizitii zote mbili, ingawa ya pili ilinichukua muda mrefu zaidi. Nilipopeleka kaseti mpya Kisii, dada aliipokea kama anayepokea habari za msiba.

"Kwa hiyo sasa imerudi nyuma," akasema, kama wasemavyo kanisani kuhusu muumini aliyeanza tena kunywa.

"Yenyewe imerudi nyuma," mkuu wa ofisi akajibu kutoka chumba cha pili, "lakini sisi tumebaki. Ijumaa nafunga saa kumi na moja. Sitaki tena kukimbizana na jua mbele ya Mzungu."

Ijumaa hiyo niliendelea hadi nyumbani Nyamira. Nilimsimulia mama yote, uani, akichambua mboga. Nilimweleza kosa la Nairobi kwa fahari ya mtu anayejua makosa yake kwa nukta. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na kilima ulikiweka wapi?"

"Hakuna kilima, mama. Hesabu huchukulia kwamba ardhi ni tambarare."

"Tambarare wapi?"

Alitazama juu. Jua lilikuwa likiteremka kwenye bega la kilima chake, na kwa mazoea ya kazi nikaangalia saa yangu ya mkono. Lilipopotea, nilihesabu. Kwa hesabu yangu iliyosahihishwa, jua lilikuwa bado na dakika nane. Nilihesabu tena, na hazikupungua.

"Ile ya kwanza ilisema limetua lini?" mama akauliza.

Nilimwambia: dakika nane mapema zaidi, yaani sasa hivi.

"Basi ile ya kwanza ndiyo ilikuwa sawa," akasema, akiweka sufuria ya mboga chini taratibu, kwa kuwa Sabato ilikuwa imeingia. "Wewe ndiye uliyeiharibu."